Skailaiti safi kwa nyumba ya huku Uganda: anza na jua, plasta ije mwisho

Watu wanaojenga Kira, Kyanja, hata huko Mbarara na Gulu, siku hizi wananitumia picha ya aina moja tu kwa WhatsApp: korido nyeupe, juu kuna ufa mrefu wa mwanga, huoni fremu, huoni skrubu, huoni hata kioo kinaishia wapi, unaona mbingu basi. Hio ndio skailaiti, dirisha la kwenye paa. Alafu swali, "Hii inaweza kutoka kwa mabati yangu ya geji 28?" Inaweza. Lakini picha nyingi hizo zimepigwa Ulaya, kule jua linatembea pembeni na watu wanalitafuta, sisi linatupiga utosini. Na ule usafi unaouona ukiwa chini umetoka kwa vitu vingi vilivyofichwa juu, kwa hivo nitaanzia juu na kioo chenyewe kitakuja baadaye.

Hatua ya 1: Lijue jua la kwako

Mstari wa ikweta unapita Kayabwe kwa barabara ya Masaka, nadhani kila mtu ameshapiga picha pale. Kampala iko kaskazini yake kidogo tu. Maana yake mwezi wa tatu na wa tisa jua la mchana linasimama juu ya kichwa kabisa, mwezi wa sita linaegemea kaskazini kama digrii 23, Desemba linaegemea kusini vile vile. Hakuna upande wa paa unaokaa kivulini mwaka mzima. Ule ushauri wa mtandaoni wa "geuza skailaiti kaskazini upate mwanga wa baridi" ni wa watu wa kule, hapa kwetu upande wa kaskazini ndio unaochomwa Aprili mpaka Agosti. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, kimbia magharibi kwanza, manake jua la saa tisa saa kumi linakuta nyumba imeshapata joto la kutosha na linaongeza. Mashariki linaingia asubuhi wakati bado kuna ubaridi, hilo mtu unalivumilia. Paa likiwa na mteremko mdogo tofauti ya pande inapungua, lakini ipo.

Kitu kingine, jua la Kampala halifiki juu kabisa saa sita kamili, linafika kama saa saba kasoro dakika kumi, linacheza kidogo mbele na nyuma kulingana na mwezi. Ukienda saiti kupima kivuli, pima saa hiyo.

Sasa chukua dari la mita 3 kutoka sakafuni. Mwezi wa tatu, masaa mawili kabla jua halijafika juu, kile kipande cha mwanga kinaanguka karibu mita 1.7 magharibi ya tundu, mchana kiko chini yake sawasawa, baada ya masaa mawili kimehamia mashariki umbali ule ule. Mwezi wa sita mchana kinasogea mita 1.3 kusini, Desemba mita 1.3 kaskazini. Chukua choki uchore vipande vyote hivyo sakafuni, na hapo ulipochora usiweke TV, usiweke kochi la ngozi, usiweke kabati la mvule ulilolipia pesa nyingi, vitapauka vyote.

Na kama nyumba imeshaezekwa usihangaike na hesabu. Ngoja siku kavu ya Januari au Julai, mwambie fundi atoe bati moja asubuhi (na dari kama lipo) alirudishe jioni, wewe kaa pale ndani na kiti chako uone. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kuhamisha skailaiti iliyoshajengewa.

Hatua ya 2: Chumba gani, na ukubwa gani

Korido, ngazi, bafu, na sehemu ya kukatia mboga jikoni, hapo skailaiti inafanya kazi kweli. Chumba cha kulala mimi napinga, mwanga unakuamsha kabla ya saa moja asubuhi kila siku hata Jumapili, na mvua za ukanda wa ziwa zikianza kupiga radi usiku utajuta. Juu ya kochi pia hapana.

Ukubwa ndio watu wanakosea zaidi ju wanadhani kubwa ndio nzuri. Kanuni inayozunguka sana, ya Marekani, inasema skailaiti iwe kama asilimia 5 ya eneo la sakafu kwa chumba chenye madirisha mengi, na mpaka 15 kwa chumba chenye madirisha machache. Kwa jua letu mimi nachukua ile 5 naikata nusu. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita 20 za mraba, asilimia 5 ni mita moja ya mraba, nusu yake ni nusu mita. Hio nusu mita usiifanye kiboksi katikati ya dari. Ifanye ufa, upana sentimita 15, urefu mita 3.3. Mwanga ni ule ule lakini unasambaa, joto haliji kwa rundo sehemu moja, na kubwa kuliko yote, sentimita 15 mtu mzima hapiti. Yani huhitaji vyuma vya wezi, na vyuma vya wezi ndio kitu cha kwanza kinachoua sura ya skailaiti Uganda. Nimeona kioo kizuri cha mita kwa mita kimewekewa nondo za 12 zimepishana chini yake, ukiangalia juu unaona selo.

Hatua ya 3: Mstari kabla ya tundu

Ufa ukiishia katikati ya dari bila sababu unaonekana ka vile fundi alichoka. Uende ukuta mpaka ukuta, au uanzie kwenye mlango uishie mwisho wa korido, au ulale kando ya ukuta mmoja urefu wote. Chora kwenye pleni kabla ya kenchi kupanda, alafu angalia vitu vingine vyote vinavyogombania lile dari: taa, feni, kitundu cha kupandia darini, kengele ya moshi. Toa taa zote zilizo karibu na ufa. Ukiacha taa nne za duara kando ya mstari mzuri hivo, jicho linaenda kwa taa.

Ufa uende sambamba na kenchi, upite katikati ya kenchi mbili. Papi (zile mbao zinazolala juu ya kenchi na kushika mabati) unaweza kukata, unafunga mbao za kupokea pande zote, lakini kenchi usikate. Fundi akikuambia "nitakata hii moja tu alafu nitaiunga", mwite injinia. Na kama nyumba ilishajengwa na unabadilisha muundo, nenda kwa kamati ya ujenzi ya wilaya au KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala) upate kibali, Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013 ipo na watu wake wanatembea kweli.

Hatua ya 4: Paa, hapa usiwe na haraka

Kila saiti fundi ananiambia maneno haya haya:

"Ssebo usiwe na wasi, hapo nitajaza silikoni."

"Silikoni ikichoka je, ssebo?"

"Tutaongeza ingine."

Ukikubali hio, misimu miwili ya mvua, ya Machi mpaka Mei na ya Septemba mpaka Novemba, itakupa jibu na dari lako jeupe litakuwa na ramani. Maji yazuiwe na umbo la bati, silikoni iwe msaidizi tu.

Kwanza jenga ukingo kuzunguka tundu lote, mbao iliyotiwa dawa au chuma cha kuchomelea, usimame angalau sentimita 15 juu ya mgongo wa mabati. Kioo kitakaa juu ya huo ukingo. Ukingo mfupi ndio kisa cha skailaiti nyingi kuvuja, mvua yetu inaanguka kwa nguvu na inaruka.

Alafu flashini, yani vipande vya bati vinavyofunika pale ukingo unapokutana na paa. Bati bapa unaenda nalo Katwe, kwa mafundi wa vyuma wa Kampala, wanakukunjia kwa vipimo vyako, ila uchukue la geji nzito kuliko ya paa. Utaratibu ni mmoja na hauna majadiliano: flashini ya chini inalala JUU ya mabati yaliyo chini yake, za pembeni zinapanda ukingo na kulalia mgongo mmoja au miwili ya bati kila upande, ya juu inaingia CHINI ya mabati yaliyo juu yake. Maji yakishuka kutoka kofia ya paa kila wakati yanakuta kipande cha juu kimelalia cha chini. Ukiona mahali popote maji yanaelekea ndani ya unganisho, hapo patavuja, hata kama fundi ana miaka 30 kwa kazi.

Upande wa juu wa ukingo maji yanagonga yanasimama, pamoja na majani na ile vumbi nyekundu. Kama ukingo ni mpana kuanzia kama sentimita 60, tengeneza kimgongo cha bati nyuma yake chenye miteremko miwili kigawe maji kushoto na kulia. Ufa wetu mwembamba unaokwenda na mteremko hauhitaji, sababu nyingine ya kupenda ufa mwembamba.

Silikoni yenyewe inunue kwa pua. Ile inayonuka siki haifai hapa, asidi yake inakula zinki ya mabati na inaweza kufungua kingo za kioo cha laminati. Omba ya nyutro. Duka moja likikosa nenda lingine, usikubali "ni sawa tu".

Wenye vigae vya Kajjansi kanuni ya kulaliana ni ile ile, ila flashini iwe ya kitu laini kinachofuata umbo la kigae. Wenye paa lililofichwa nyuma ya ukuta wa mbele, hizi nyumba za boksi, nyinyi mna faida kwamba ukingo hauonekani kutoka nje, lakini angalieni gata ya ndani isije ikajaa ikapanda mpaka kwenye ukingo, weka tundu la dharura la kumwaga nje.

Hatua ya 5: Kioo

Juu ya kichwa cha mtu ni laminati. Kioo tempa peke yake kikivunjika kinamwagika vipande vidogo vyote kwa pamoja juu ya aliyeko chini, laminati inapasuka lakini vipande vinabaki vimeshikwa na ile plastiki ya katikati. Ile ya milimita 6.38 ni vioo viwili vya 3 na plastiki ya 0.38 kati. Kwa ufa wa sentimita 15 inatosha, kwa kitu kipana au kirefu bila mhimili chukua kinene zaidi na umuulize injinia. Kama pembeni kuna mti wa parachichi au fenesi, ssebo, nyabo, kata matawi yale kwanza. Parachichi la kilo likitoka mita sita halijali kioo ni cha nchi gani.

Na karoli. Wakazi wa Kampala wananielewa, ndege mkubwa yule anachagua mti mmoja na kila kilicho chini kinakuwa cheupe. Skailaiti chini ya mti wa karoli ni kazi bure, sogeza.

Sasa siri ya usafi kwa upande wa nje, ambayo watu hawaigusi. Kingo ya chini ya kioo isiwe na fremu. Kioo kipite ukingo kwa sentimita 4 au 5 kining'inie kidogo, maji yadondoke moja kwa moja juu ya bati. Ukiweka alminiamu pande zote nne, ule upande wa chini unakuwa bwawa, vumbi linakaa, likikauka linaacha mstari wa kahawia ambao ukiwa ndani unauona kila siku mpaka unaudhi. Na mteremko wa kioo usipungue digrii 5, yani kila mita moja ishuke karibu sentimita 9. Kwa paa la kawaida la bati fuata mteremko wa paa tu, unatosha.

Joto: omba kioo chenye koti la kuzuia jua, au ubandike filamu, lakini filamu iwe imepimwa kwa kioo cha laminati manake zingine zinafanya kioo kipate joto lisilo sawa na kupasuka. Kabale na Kisoro usiku kuna baridi ya kweli, huko vioo viwili vyenye hewa kati vina maana, la sivyo asubuhi utaona matone ndani.

Bajeti haifiki kioo? Polikaboneti si dhambi. Ile ya matundu, matundu yake yafuate mteremko, kingo ya juu uzibe kwa tepu ya alminiamu, ya chini weka tepu inayopumua ili unyevu utoke, usipoziba vizuri kuvu ya kijani itaota ndani na huwezi kuisafisha milele. Upande wenye kinga ya jua umeandikwa kwenye nailoni yake, uangalie juu. Na inatanuka: shiti ya mita 3 joto likipanda digrii 40 inaongezeka karibu milimita 8, kwa hio tundu la skrubu liwe kubwa kuliko skrubu, usikaze mpaka mwisho, ukikaza italia usiku kucha "tak, tak" na baadaye itapasuka kwenye skrubu. Yale mabati ya plastiki ya bei rahisi yanayowekwa kwenye magodauni, sipendekezi kwa nyumba, yanakuwa manjano na chumba chote kinapata rangi ya chai.

Hatua ya 6: Kuficha kila kitu

Tumefika kwa ile picha sasa. Kioo kiwe kipana kuliko ufa wa dari. Ufa ni sentimita 15, kioo na fremu yake viwe kama 35, kila upande umejificha sentimita 10 nyuma ya gipsamu ya dari. Ukisimama chini yake sawasawa huoni fremu, unaona mbingu imekatwa kwa kingo nyembamba. Hamna kitu kingine, ndio siri yote ya hizo picha. Kingo ya gipsamu iwekewe kona ya alminiamu ndani ya plasta ili mstari unyooke, na usiweke ukanda wa mapambo wa aina yoyote kuzunguka, fundi atataka kuweka ili kuficha kona mbaya, mwambie arekebishe kona.

Kama ufa uko kando ya ukuta, ukuta usiishie kwenye dari. Plasta ipande ipite dari mpaka juu kwenye ukingo wa paa, ipigwe rangi ile ile, ili ukitazama ukuta unaona umepanda ukapotea kwenye mwanga. Ni kitu kizuri sana, lakini kina adhabu yake. Mwanga unaoshuka ukiulambalamba ukuta unaonyesha kila wimbi la mwiko. Ukuta ambao ulikuwa sawa kwa macho siku zote, jua likifika pale juu saa saba unageuka ziwa lenye mawimbi, alama za rula, nundu za kiraka cha mtu wa umeme, hata mahali fundi alipopumzika akaendelea kesho yake, vyote vinatoka. Njia ya kukagua ni hii: usiku, zima taa zote, washa tochi ya simu, ibandike kwenye ukuta juu kabisa iangalie chini, alafu isogeze polepole kwenda kando. Kila nundu itatupa kivuli kirefu. Zungushia penseli, fundi apige msasa na skimu tena, rudia mpaka tochi inyamaze. Fanya kabla ya rangi na kabla hujamlipa ile sehemu ya mwisho. Ukimlipa kwanza simu yake itakuwa haipatikani.

Rangi iwe nyeupe isiyong'aa, ndani ya ule mfereji wa mwanga (nafasi kati ya dari na kioo) na kwenye ukuta. Zile za silki zinang'aa zinarudisha makosa yote. Mfereji ukiwa mrefu, kwa mfano dari liko chini na paa liko juu mita moja na nusu, mwanga mwingi unapotelea njiani, hapo upanue upande mmoja wa mfereji kwa chini, ule usioonekana ukiingia mlangoni.

Hewa ya moto inapanda inakaa pale juu. Acha vitundu kwenye pande za ukingo, chini ya kioo, vyenye kikofia cha bati nje na wavu wa mbu ndani. Wavu usisahau, Novemba nsenene (wale panzi wa kuliwa) wakianza na taa yako inawaka, watakuja kwa mamia. Wengine mtasema hio ni baraka, sawa, lakini kumbikumbi nao wanakuja na mabawa yao yatajaa kwenye gipsamu. Usiku ufa unakuwa mstari mweusi, ukitaka uwake weka mkanda wa LED juu ya ile sehemu ya gipsamu iliyojificha, usionekane yenyewe, mwanga wake wa joto upige ukingo.

Hatua ya 7: Mwagia maji kabla ya dari

Gipsamu isifungwe kabla ya kujaribu. Mpira wa maji, mtu mmoja juu, mwingine ndani na tochi. Anza chini ya skailaiti, dakika 15, panda pembeni, dakika 15, alafu juu kabisa. Ukianza juu maji yatapita kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kama saiti haina maji ya bomba, jerikeni za lita 20 na ndoo yenye matundu zinafanya kazi, ila mbebaji alipwe vizuri.

Aliyeko juu akanyage kwenye mistari ya misumari tu, pale chini yake kuna papi, wala asikanyage kioo, polikaboneti au bati la plastiki, watu wanaanguka kupitia hapo na kufa.

Safisha mara mbili kwa mwaka, Februari na Agosti kabla mvua hazijarudi, maji na sabuni ya kawaida na kitambaa laini, polikaboneti usiisugue na Vim. Toa majani nyuma ya ukingo siku hio hio. Na ukiona doa kwenye kona ya gipsamu usiite mtu wa rangi kwanza. Likitokea asubuhi na usiku haikunyesha, ni unyevu wa ndani umeganda kwenye kioo, ongeza hewa. Likitokea wakati wa mvua au muda mfupi baada yake, ni flashini, na mara nyingi ni ile ya juu, kuna mtu aliilaza juu ya bati badala ya chini.